Ndevu Hata Abu Jahl Alikuwa Nazo

Haya, nianze na nyanya yangu, maana yeye ndiye mliyemtupa motoni.

Wiki mbili zilizopita niliweka video fupi, haikufika hata dakika. Nyanya ameketi mkekani, nyumbani kwetu hapa Mji wa Kale, atia udi kwenye chetezo. Kando yake kuna mrashi na sinia ya vikuba, asumini na mrehani, harufu yake mpaka leo iko kwenye leso yangu. Nikaandika maneno mepesi tu: Mfungo Sita umeingia, nyanya ajitayarisha na maulidi ya wanawake. Basi. Nikalala.

Kuamka, simu imejaa. Kijana mmoja, umri wake kama wangu, picha yake kofia nyeupe na ndevu zimeshuka vizuri, ameandika kwamba nimwambie bibi atubu kabla hajafa, kila bidaa ni upotofu na upotofu ni motoni. Watu wakampa laiki kwa mamia. Mwingine akaongeza kwamba udi ni wa mashetani. Udi, jamani! Udi ambao Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipenda manukato mpaka ni katika sifa zake zinazojulikana na mtoto wa chuoni.

Mimi nimezoea kutukanwa mtandaoni, ngozi yangu imekuwa nene. Lakini binamu yangu mmoja asiye na adabu akamsomea nyanya yale maneno. Nyanya hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nimemkosea Mtume wapi?" Jioni akasema mwaka huu tuwaambie wale mabinti wa madrasa wasije kusoma. Wamekuja nyumbani kila mwaka tangu mamangu hajaolewa.

Kwa hivyo leo sitaki utani. Huyo kijana na wenzake nataka tuongee.

Kwanza mnajua huyu mnayemwambia atubu ni nani? Mimi sikusoma hadithi kwenye kitabu kwanza. Nimezisoma kwa huyu mama, na yeye hakuniambia kuwa ni hadithi, alikuwa anaishi tu. Nikiwa mdogo nilitumwa kwa jirani, nikagonga mlango kama polisi. Akaniita akanifinya sikio: hodi ni mara tatu, ukinyamaziwa warudi zako, usichungulie. Miaka baadaye ndio nasikia kisa cha Abu Musa al-Ash'ari, alivyobisha kwa Sayyidna Umar mara tatu, hakuitikiwa, akaondoka zake, na Umar akamtaka alete shahidi kwamba hayo ni mafundisho ya Mtume. Akaletwa shahidi. Mimi shahidi wangu ni sikio langu, bado laumwa.

Mchuzi. Nyanya akipika mchuzi wa samaki huongeza tui na maji, kisha huchota kibakuli kimoja kabla sisi hatujapakuliwa. Kibakuli hicho chaenda nyumba ya pili, kwa mama mmoja Mkamba, si Muislamu, mumewe alifariki. Na sahani ya yule mama hairudi tupu, yaja na maembe, yaja na mahindi ya kuchemsha. Mtume alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji awakumbuke majirani. Nyanya hamjui Abu Dharr. Ajua tu kwamba ni aibu moshi wako umfikie jirani na chakula kisimfikie.

Tende kabla ya futari. Bismillahi kwa kila anayepita wakati twala, hata kama sinia ina mkate mmoja. Salamu kwa mtoto mdogo. Hata neno mswaki, ambalo Kenya nzima yalitumia kwa kile kijiti cha plastiki cha supamaketi, hilo ni neno la sunna, limetoka kwenye kile kijiti cha mti alichokipenda Mtume, likakaa midomoni mwa watu ambao hata si Waislamu. Hivyo ndivyo dini inavyoingia kwa watu. Yaingia jikoni, yaingia kwenye lugha, mpaka mtu anaitenda bila kujua yatoka wapi.

Na wanaume wetu nao, si vibaya niwasifu kidogo. Jeneza likipita hapa mjini, muuza kahawa aacha dele lake, fundi cherehani aacha nguo, wanatia bega hatua kumi, ishirini, wapokezana. Maiti hawamjui. Hawaulizi alikuwa anasoma maulidi au hasomi. Na zile baraza za mawe mbele ya nyumba zetu, za kukaa jioni kupiga soga? Maswahaba nao walikuwa na vikao vyao barabarani. Mtume aliwatahadharisha, wakamwambia hatuna budi navyo, akawaambia basi ipeni njia haki yake: kuteremsha macho, kutoudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hakuwavunjia baraza. Aliitia adabu. (Vijana wa baraza ya mtaa wetu, hiyo ya kuteremsha macho bado mna deni. Mwajijua.)

Sasa tuje kwenye hizi alama zenu.

Mimi sichezei ndevu. Ndevu ni sunna, babangu anazo. Ninachokataa ni mtu kufanya ndevu na suruali fupi kuwa ndio mizani ya kumpimia nyanya yangu. Kwa sababu ndevu hata Abu Jahl alikuwa nazo. Sisemi kwa kejeli, imo kwenye Bukhari: siku ya Badri, Ibn Mas'ud alipomkuta ameangushwa, alimshika ndevu zake akamuuliza, wewe ndiye Abu Jahl? Kwa nguo na kwa lugha, Abu Jahl na Mtume walikuwa watoto wa mji mmoja. Kilichowatenganisha hakikuonekana kwa fundi nguo. Muhammad waliwahi kumwita al-Amin, muaminifu, kabla hata wahyi haujashuka. Maadui zake walikuwa wakimwekea amana zao na huku wanapanga kumuua, na usiku wa kuhama alimwacha Ali nyuma azirudishe. Hebu nitafutie video moja ya sunna hiyo. Ya kumrudishia adui yako pesa zake.

Na kuna kisa kingine nakipenda sana, cha kenge. Yaani si kenge hasa, ni mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, Waarabu wamwita dhabu. Aliletewa Mtume amechomwa. Akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akauliza, ni haramu? Akasema la, ila hapatikani kwenye ardhi ya watu wangu, na nafsi yangu haimtaki. Khalid akamvuta akamla, Mtume anatazama. Fikiria hapo. Mtume mwenyewe anatuonyesha kwamba kuna dini, na kuna mazoea ya watu wa kwao, na hakuwalazimisha wengine mazoea ya tumbo lake. Sasa wewe umetoka kwenye mihadhara ya wiki sita, waniambia kanzu yetu ya pwani yenye nakshi shingoni haijatimia mpaka ifanane na ya Riyadh? Kofia ya vito inayoshonwa Lamu kwa sindano, tundu moja moja, miezi na miezi, waiita ya utamaduni na ile ya kiwandani waiita ya dini?

Lakini najua shida yenu kubwa ni matari. Ni dufu, ni kasida, ni watu kuyumba na wanawake kupiga vigelegele.

Basi twende Madina. Siku ya Idi, ndani ya msikiti wa Mtume, Wahabeshi, watu weusi kutoka upande wetu huu wa Afrika, walikuwa wanacheza na mikuki na ngao zao. Msikitini! Mtume hakuwafukuza. Alisimama akamfunika Bibi Aisha kwa shuka yake, Bibi Aisha anachungulia juu ya bega lake, mpaka alipochoka yeye mwenyewe. Sayyidna Umar alitaka kuwarushia changarawe, akaambiwa awaache. Na Idi vilevile, wasichana wawili walikuwa wanapiga dufu na kuimba nyumbani kwa Mtume, Abu Bakr akaghadhibika, Mtume akamwambia waache, kila watu wana Idi yao. Sijatoa haya kwa bibi yangu, yamo kwenye Bukhari na Muslim, vile vitabu ambavyo mwapiga navyo picha.

Sasa panda basi uende Lamu mwisho wa Mfungo Sita. Utaona wazee wamejipanga mistari na bakora zao wanacheza goma mbele ya Msikiti wa Riyadha, pole pole kama mawimbi ya maji kupwa. Mimi nilienda nikiwa kidato cha tatu, nikalia na sijui nilikuwa nalilia nini. Niliona mashindano ya punda pia, na hapo sitadanganya, kuna watu waja kwa ajili ya punda tu, na kuna wanasiasa waja kwa ajili ya kipaza sauti. Hao sina la kuwatetea.

Ila mwajua huo msikiti ulivyoanza? Habib Swaleh alikuja Lamu akitoka Ngazija, karne ya 19, kijana. Sharifu, mjukuu wa Mtume, angeweza kukaa Mkomani na wakubwa akabusiwa mkono mpaka afe. Akaenda Langoni, upande wa watu wa chini. Akawasomesha waliokuwa watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao waungwana wa mji waliwaona hawastahili elimu. Akawapa Kurani, akawapa na matari, akawasomea maulidi ya Habshi yaliyotoka Hadhramaut. Wenye mji walichukia, na waliosema wakati ule walisema kwa lugha ya dini, kwamba matari msikitini ni makosa. Labda waliamini hivyo kweli. Lakini mimi huona kwamba kelele za dufu ziliwauma kidogo kuliko kumuona mtoto wa mtumwa ameketi safu ya mbele na msahafu. Habib Swaleh akafariki mwaka 1935, Riyadha ikabaki, na wanafunzi wake wakatawanya chuo pwani yote hii mpaka bara. Ukisema maulidi ya Lamu ni ngoma tu, wasema juu ya kitu kilichowafungulia watu mlango uliokuwa umefungwa kwa jina la heshima.

Sasa msinijie kwamba sijui hoja za upande wa pili. Najua. Ugomvi huu ni mzee kuliko nyanya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu, mtu wa hapa hapa Mombasa, alianzisha gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 na aliwakemea watu wetu vikali, bidaa, israfu, uvivu wa kusoma. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetoka Unguja akaja kuwa Kadhi Mkuu wetu, yeye naye aliandika dhidi ya bidaa, na ni yeye yeye aliyetupa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Hao nawaheshimu. Walikemea huku wanafundisha, walikaa na watu, waliandika kwa lugha ambayo mama wa nyumbani aisoma. Upande mwingine wako wanachuoni wakubwa kama Imam Suyuti walioandika kutetea maulidi, na wako wanaotaja kwamba Mtume alipoulizwa kuhusu kufunga Jumatatu alijibu kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Mimi sitoi fatwa. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilishinda, nauza maneno mtandaoni. Nasema tu jambo ambalo maulamaa wamebishana karne kwa karne, wewe hulimalizi kwa kumtia mzee wa watu motoni kwa bando ya shilingi ishirini.

Na kwa uadilifu, kuna mahali nyinyi wenye ndevu mko sawa kabisa, na nyanya yangu na wenzake wamekosea. Hitima.

Mtume alipopata habari ya kufa kwa Ja'far aliwaambia watu wapikieni chakula watu wa Ja'far, wamefikwa na la kuwashughulisha. Yaani majirani ndio wapike, mfiwa ale. Sisi tumeipindua. Mtu amekufa, mjane hajatoka machozi, shemeji wanakaa kuhesabu: mbuzi wangapi, mchele gunia ngapi, hema la nani. Rafiki yangu mmoja babake alifariki mwaka juzi. Familia haina kitu, mgonjwa alikuwa amekula akiba yote hospitalini. Wakakopa ili watu wale pilau ya siku ya tatu, kisha wakakopa tena ya arobaini. Mashine ya kushona ya mamake, iliyokuwa inawalisha, ikauzwa. Watu walikula wakashukuru, wakasema hitima ilifana. Ilifana! Na yule mama sasa anashona kwa mkono. Nilimwambia nyanya hilo waziwazi na tukanuniana siku mbili. Alisema watu watasema nini. Nikamwambia watu walisema ilifana. Alinyamaza. Tangu hapo msiba ukitokea mtaani yeye ndiye wa kwanza kutoa sufuria na kwenda kupikia wafiwa kwao, kwa pesa za mchango, na asema wazi sitaki kusikia habari ya kukopa.

Ona basi. Mzee wa miaka sabini na kitu alibadilika kwa sababu aliambiwa na mtu ampendaye, kwa sunna yenyewe, bila kutajiwa moto. Nyinyi mna ushahidi mzuri hapo mkononi na mnaupoteza kwa kufoka juu ya udi.

Sasa la mwisho, na hili ndilo laniuma zaidi.

Bibi Aisha aliulizwa, Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani? Akajibu kwamba alikuwa kwenye kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika atoka aende kuswali. Yasemwa alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake mwenyewe. Nimetafuta. Wallahi nimetafuta. Kuna video mia za namna ya kupunguza sharubu kisunna. Za namna ya kulala kisunna, ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Kijana wa kuonyesha namna ya kuosha vyombo kisunna sijamuona. Wa kufua shuka lake kisunna sijamuona. Dadake yuko jikoni na jua la saa sita, yeye sebuleni anarekodi kuhusu wajibu wa mwanamke.

Na mshahara. Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi kwenye duka moja la nguo, jina nitaliacha. Mwenyewe alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Adhana ikiadhiniwa, duka lafungwa, hata mteja awe na pesa mkononi, na hilo nililipenda kwake. Suruali juu ya kifundo, mswaki mfukoni, neno lake la kwanza dua na la mwisho dua. Miezi miwili hakunilipa. Nikimuuliza aniambia nisubiri, subira ni nusu ya imani. Mtume alisema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Langu lilikauka, likaoshwa, likatoka jingine. Niliondoka na deni la kodi ya chumba, na mpaka leo bado anidai radhi kwa kuondoka bila kuaga.

Huyo hakuna aliyemwandikia atubu. Alama zote anazo.

Nyanya yangu hana ndevu. Ana udi, ana mrashi, ana kibakuli cha mchuzi kinachoenda nyumba ya pili. Yule binti anayetufulia humlipa kabla hajakausha mikono, na akichelewa kidogo humwomba msamaha. Nikimwangalia huyu na yule mwenye duka, niambie wewe, nani kati yao Mtume angemjua kuwa ni wa kwake?

Mabinti wa madrasa nimewapigia simu mwenyewe. Wanakuja Alhamisi baada ya isha. Nyanya bado ajifanya hataki lakini jana alinituma nikanunue asumini, akaniambia nisiwe bahili, ninunue ya kutosha.

Mwenye hoja kuhusu hitima, au kuhusu vipaza sauti vya saa nane za usiku, au kuhusu wanasiasa kupanda jukwaa la maulidi, aandike, tutajadili na huenda nikakubaliana naye. Mwenye kuja na moto wa nyanya yangu namfungia mlango hapo hapo. Na ajue kwamba hodi yake ya tatu ilishapita.